Kutu kwenye Bunduki ya Tembo

Sura ya Saba

Uji ulimwagwa mbele ya macho yake. Inspekta Teresia Adero alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari nyuma ya kituo cha polisi, akamwona Konstebo Odoyo ameinamisha kidumu cha lita tatu juu ya majani, uji wa ulezi unafuka moshi, kuku watatu wa mpishi wa kituo wanaukimbilia.

“Uji una kosa gani?” Teresia aliuliza.

Odoyo alijinyoosha, akapiga saluti kwa mkono wenye kidumu. “Ni wa mahabusu, afande. Joram Wangwe. Lakini aliyeuleta ni mama wa marehemu. Leo siku ya tatu. Mtu aliyefiwa anampikia uji muuaji wa mwanawe? Sisi si wajinga.”

“Na hawa kuku wameunywa siku zote tatu?”

“Wameunywa.”

“Wakafa?”

Odoyo aliwaangalia kuku. “Bado, afande. Labda ni sumu ya polepole.”

Teresia alizunguka mbele. Kwenye benchi la mbao alikaa mama mmoja mzee, mwembamba, amejifunga kitambaa cheusi cha msiba. Teresia alimwamkia, shikamoo, akampa mkono. Mama aliitikia marahaba kwa sauti ndogo. Kidole chake cha shahada kiliishia kwenye kiungo cha katikati. Watu wa kwake walimwita Bibi Nyangi, na kile kidole kilibaki kwenye mashine ya kusaga miaka mingi iliyopita. Hakuomba kitu wala hakulia. Alikuwa amekaa tu, anasubiri kidumu chake.

Ndani, kwenye chumba cha silaha, Sajenti Kornelio alikuwa amekwisha kuilaza bunduki mezani. Kornelio alikuwa fundi silaha wa wilaya, Mkurya wa kimo kirefu, na miaka ishirini na miwili ya kufungua na kufunga bunduki ilikuwa imemfundisha mengi, isipokuwa kunyamaza.

“Binadamu hudanganya, afande. Kutu haidanganyi. Tazama.”

Teresia alitazama jalada kwanza. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Joram Wangwe alikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji kimoja upande wa Kenyamonta. Tembo wakitoka hifadhini kuingia kwenye mahindi, yeye huitoa bunduki ya kijiji, hupiga hewani, tembo hurudi kwao, naye huirudisha kwenye kabati la chuma. Kila mtu aliiita bunduki ya tembo. Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku, ng’ambo ya mto Mara kule Gorong’a, kijana aitwaye Mogesi alipigwa risasi kifuani akilinda zizi la mama yake. Usiku ule mvua ilinyesha kweli kweli. Jumanne polisi walilifungua kabati la Joram, wakaikuta bunduki imeliwa na kutu. Vijiji hivyo viwili vilikuwa vimeibiana ng’ombe miaka miwili mfululizo, na ufunguo wa kabati ulikuwa mmoja tu, shingoni mwa Joram.

Kesho Ijumaa, saa tatu asubuhi, angepandishwa kizimbani kwa mauaji. Kosa hilo halina dhamana.

“Alhamisi, siku mbili kabla ya mauaji, ofisa wanyamapori aliikagua,” Kornelio alisema, akigonga rejista kwa kidole. “Ameandika: safi, imepakwa mafuta. Jumanne, kutu. Katikati pana mvua na maiti. Unataka nini tena?”

Teresia alivuta bolti, akauelekeza mtutu dirishani, akachungulia. Ndani kulikuwa kunang’aa, mafuta yametulia.

“Humu hakuna kutu.”

“Amesafisha ndani baada ya kupiga.”

“Akaacha nje, panapoonwa na kila mtu?”

“Haraka, afande. Siku za mwizi ni arobaini.”

“Huyu mbona ametumia tatu tu? Risasi ziko ngapi?”

“Kumi na nane. Rejista inasema kumi na nane.” Kornelio alikunja uso. “Lakini mtu anayekaa karibu na mpaka hakosi risasi ya kumi na tisa, ya magendo.”

“Ondoa mti.”

Kornelio alitoa bisibisi. Alipenda kazi hiyo kuliko mabishano, na ilionekana. Alilegeza skrubu mbili, akatenganisha chuma na kitako cha mbao. Sehemu ya chuma iliyokuwa imefichwa na mbao ilikuwa ya rangi ya buluu nzito, imefunikwa na grisi ya siku nyingi. Hapakuwa na alama hata ya ukubwa wa kichwa cha sindano.

“Sajenti, bunduki ikilowa mvua, maji huanza kukaa wapi?”

Kornelio alipitisha ukucha kwenye grisi.

“Hapa,” alisema. “Chini ya mti. Yanaingia na hayatoki.”

“Basi haikunyeshewa.”

“Haikunyeshewa,” Kornelio alikubali kwa shida, kisha uso ukamchangamka tena. Aliinua ala ya bunduki, mfuko mrefu wa ngozi ya ng’ombe. “Basi ni hii. Ngozi za huku zinakaushwa kwa chumvi. Onja.”

Teresia alionja kwa ncha ya ulimi. Chumvi ilikuwepo. Kwa dakika moja alifurahi, maana jibu hilo lilikuwa rahisi na lingemtoa Joram mchana uleule. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya ala ukavuta kitu kingine: ufito wa chuma wa kusafishia mtutu. Ulikuwa unang’aa.

“Hawa wamelala kitanda kimoja,” alisema. “Mmoja ana upele, mwenzake hana.”

“Kwa hiyo upele hakuupatia kitandani.” Kornelio alikaa. “Sasa mimi nimeishiwa, afande.”

“Mlete Joram.”

Joram Wangwe aliletwa na Odoyo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mfupi, viatu havina kamba. Jalada lilisema kwamba tangu Jumanne hajajibu swali hata moja isipokuwa jina lake. Teresia alimkaribisha kiti, akamwuliza Jumamosi alikuwa wapi. Joram alitazama sakafu. Akamwuliza nani mwingine ana ufunguo. Akamwuliza kama anajua adhabu ya mauaji ni nini.

“Najua,” Joram alisema.

“Umeitunza bunduki hii miaka mingapi?”

“Kumi na tisa.”

“Imewahi kushika kutu?”

Joram aligeuza uso ukutani. Teresia akaona kwamba swali hilo lilimuuma kuliko lile la mauaji. Wakati huohuo Kornelio, ambaye mikono yake haijui kukaa bure, alichovya kitambaa kwenye kopo la mafuta. Chuma kuliwa mbele yake kulimnyima raha.

“Wacha niifute. Inaumia bure hii.”

“Usiipake mafuta, afande.”

Wote walimgeukia Joram. Alikuwa amesimama, na Odoyo alikuwa amemshika bega. Sauti yake haikuwa ya vitisho. Alikuwa anaomba.

“Nifungeni, sawa. Nipelekeni kwa hakimu. Ila msiifute. Nawaomba.”

Walimrudisha mahabusu, na kitambaa cha Kornelio kikabaki kinadondosha mafuta mezani.

“Miaka hii yote,” Teresia alisema, “umewahi kumwona mshtakiwa anayeomba ushahidi usifutwe?”

“Sijawahi.”

“Mimi pia. Chukua chuma. Twende nje.”

Jua la saa tano lilikuwa limeshika ua wa kituo. Kornelio aliushika mtutu kwa ncha mbili, kwa kitambaa safi, na Teresia akamwambia augeuze taratibu mpaka mwanga uupige kwa ubavu. Chumbani kutu ilikuwa imeonekana madoa tu, ya kahawia, yamesambaa. Sasa, kwa mwanga wa pembeni, madoa yalipata mipaka. Lilikuwepo doa la mviringo, na jingine kando yake, na jingine, na jingine. Manne yamepangana. Chini ya mtutu, upande wa pili, doa la tano, nene zaidi.

Teresia aliweka mkono wake hewani juu ya chuma, bila kugusa. Vidole vyake vinne vililingana na madoa manne. Gumba likaangukia la tano.

“Nyasaye,” alimwita Mungu kwa lugha ya mama yake.

Alitoa kioo cha kukuzia mfukoni, akainama. Ndani ya kutu mlikuwa na mistari. Mistari ile midogo ya ngozi ya kidole, inayozunguka kama pete za mti uliokatwa, ilikuwa imechorwa kwenye chuma kwa kutu yenyewe, na hakuna mchoraji angeiweza. Alisogeza kioo. Kiganja kingine, kikubwa, cha mtu wa jembe, mistari imekatwa na makovu. Kingine chembamba. Kingine juu yake. Alihesabu vilivyosomeka, akafika kumi na saba. Vilivyobaki vililaliana hata havikuhesabika, kuanzia karibu na bolti mpaka ncha ya mtutu. Pa kufyatulia hapakuwa na alama. Miaka kumi na minne ya kazi alikuwa akitafuta alama za vidole kwa unga na brashi, na hapa chuma kilikuwa kimejiandikia chenyewe.

Alimpa Kornelio kioo. Sajenti aliangalia muda mrefu. Alipoinua uso, alivua kofia, akaishika kifuani.

“Hawa hawakuishika wapige,” Teresia alisema. “Mtu anayepiga hashiki hivi. Hawa waliiwekea mikono, mmoja baada ya mwingine.”

“Ni kiapo,” Kornelio alisema polepole.

“Unakijua?”

“Nilikiona kwa bibi yangu, nikiwa mdogo. Pande mbili zikichoka kuuana, zinaletwa mbele ya kitu kinachoua. Zamani ulikuwa mkuki. Kila nyumba inatoa mtu mmoja, anaweka kiganja, anaapa hatachukua tena ng’ombe wa mwenzake. Lakini kwanza ananawa maji ya chumvi, mazito. Kuna wajanja wanaopaka dawa kiganjani ili kiapo kisiwashike. Chumvi inaitoa. Hajifuti. Anaweka mkono na majimaji yake.”

“Chumvi kwenye chuma.”

“Mkuki ulikuwa na mafuta ya ng’ombe mazito, haukudhurika. Hawa wamechukua bunduki ya tembo kwa kuwa ndiyo bunduki pekee inayojulikana na pande zote. Hawakufikiri.” Kornelio alitikisa kichwa. “Na alama ya aliyeapa haifutwi mpaka mwezi uandame mara mbili. Ukifuta, umefuta kiapo. Tena aliyeapa hamtaji mwenzake. Akimtaja, damu inarudi.”

Teresia alisimama na jambo lote likakaa mahali pake. Alhamisi bunduki safi, Jumanne kutu, mahali fulani katikati watu wa vijiji viwili walikuwa wameizunguka. Mtu aliyeipangusa bunduki hiyo miaka kumi na tisa alikuwa amekaa nayo siku tatu akiitazama inaoza, na asiinue kitambaa. Sasa alikuwa tayari kwenda jela kwa ajili ya viganja vya watu wengine. Teresia alimheshimu, na hakuona haya kulikubali.

“Nilipaswa kujua,” Kornelio alisema. “Mimi Mkurya, tena fundi. Nimesoma kutu zote nikaisahau ya kwetu.”

“Joram ni mlinzi mzuri,” Teresia alisema. “Lakini hakimu hataki heshima, anataka shahidi. Kiapo kilikuwa siku gani? Nani aseme, kama wote wamefungwa midomo?”

Alirudia kukagua kwa kioo, safari hii bila haraka, kiganja kwa kiganja. Karibu na ncha ya mtutu alisimama. Kiganja kidogo. Gumba, kidole cha kati, cha pete, cha mwisho. Cha shahada kiliishia njiani.

Teresia aliufunga mtutu kwenye gazeti, akatoka mbele, akakaa kwenye benchi.

Bibi Nyangi alimtazama, kisha akaitazama ile karatasi. Mtutu hufahamika hata ukiwa ndani ya gazeti.

“Mama, sitakuuliza jina la mtu,” Teresia alisema. “Sitaki uvunje kitu. Naomba mkono wako tu.”

Alifunua gazeti. Mama aliona kutu, akavuta pumzi kwa nguvu, na mkono wake mwingine ukaziba mdomo. Alikuwa hajawahi kuona kile walichokifanya. Walipoweka viganja vyao chuma kilikuwa cheusi, safi, kimelowa tu.

“Imetuandika,” alisema. “Imetuandika wote.”

Kisha, bila kuambiwa mara ya pili, alilaza mkono wake mahali pake. Kidole kifupi kilikaa juu ya kutu fupi. Hakuuondoa mkono haraka.

“Jumamosi ulikuwa wapi, mama?”

“Mahali.”

“Na bunduki hii?”

“Mbele ya macho yangu. Kuanzia saa kumi jioni mpaka jogoo wa Jumapili. Mvua ilitukuta, tukaiingiza ndani sisi wenyewe, tukakaa nayo. Kulala, hakuna aliyelala.”

“Na Joram?”

“Simtaji mtu.”

“Sawa, mama.”

Bibi Nyangi alikuwa bado anaitazama kutu. “Kila nyumba ilitoa mmoja. Mogesi alitaka kwenda yeye. Nikamwambia hapana, mura, wewe kijana, una hasira. Baki na ng’ombe, mimi niende nikaape kwamba wizi umekwisha. Niliporudi asubuhi nikamkuta amekufa. Mwanangu wamemuua, na mtu waliyemkamata najua hakumuua. Nikifungua mdomo, nimeua na wengine. Sasa mimi ningefanya nini? Nikapika uji.”

Odoyo alikuwa amesimama mlangoni na kidumu kitupu. Hakujua akiweke wapi.

“Shahidi mmoja hatoshi,” Teresia alisema. “Kesho watasema huyu mama amechanganywa na msiba. Nataka watu wengi, na sitaki mtu amtaje mtu.”

Mama alifikiri. Alifikiri muda mrefu, midomo inacheza, kana kwamba anayarudia maneno ya kile kiapo moja moja, akitafuta penye mlango.

“Mtu kujitaja mwenyewe,” alisema hatimaye, “hilo halikuapwa.”

Alichukua kidumu chake mkononi mwa Odoyo, akafunga kitambaa vizuri, akaondoka.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kornelio ndiye aliyempigia Teresia simu. Alisema tu, “Afande, njoo,” na hakuongeza neno, jambo ambalo kwake lilikuwa geni.

Mstari ulianzia mlango wa kituo, ukapita benchi, ukatoka geti, ukafika kwenye mti wa mgrevilea barabarani. Wanaume kwa wanawake. Walikuwepo waliovuka mto kutoka Gorong’a na waliotoka Kenyamonta, na wachache wa kijiji jirani cha Ringwani waliokuwa wameoa au kuolewa pande zote mbili. Wengine walijaa tope hadi magotini. Watu ambao mwaka jana wasingekaa meza moja walikuwa wamesimama mgongo kwa kifua, na hakuna aliyekuwa anaongea na mwenzake. Kila mmoja aliangalia mbele, kama aliyekuja peke yake. Teresia alitembea kandokando ya mstari ule mpaka mwisho, akarudi, na macho yalimjaa machozi mbele ya askari wake. Hakuyafuta.

Meza ililetwa uani. Mtutu uliwekwa juu ya shuka jeupe, na Kornelio akakaa na kioo, karatasi na pedi ya wino. Wa kwanza kufika mezani alikuwa mzee mrefu mwenye koti la mvua.

“Naitwa Nchagwa. Jumamosi, kuanzia saa kumi mpaka alfajiri, nilikuwa mbele ya bunduki hii.”

“Ulikuwa na nani?” Teresia aliuliza, kwa kuwa utaratibu ulimtaka aulize.

“Simtaji mtu.”

Alichovya kiganja kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi. Kornelio alilinganisha. “Kipo,” alisema, akaonyesha mahali kwenye chuma. Mzee aliinama, akajiona, akatoka pembeni. Akafuata wa pili. Naitwa fulani, nilikuwa mbele ya bunduki hii, simtaji mtu. Kipo. Wa tatu. Kipo. Wale ambao kutu yao ilikuwa imelaliwa na ya wengine waliandikwa maelezo tu, na walisikitika wazi kwamba hawakujiona.

Saa mbili na robo walikuwa wamefika thelathini na wanane. Teresia alimpigia wakili wa serikali, akamsomea, naye akauliza mara mbili kama ni thelathini na wanane au nane. Kisha akasema jalada la Joram lisiletwe mahakamani.

“Na muuaji?” Kornelio aliuliza, akikusanya karatasi. “Tumerudi mwanzo.”

“Hatujarudi. Jana nilikuwa na vijiji viwili vya kushuku. Leo nimepewa orodha ya nyumba zote zilizoapa, kwa wino.” Teresia aliugonga mrundo wa karatasi. “Kila nyumba ilitoa mmoja. Twende tukahesabu nyumba. Aliyemuua Mogesi alijua kwamba usiku ule wakubwa wote hawapo, na hakutaka amani ifike. Ipo nyumba ambayo haina kiganja kwenye chuma hiki.”

Bibi Nyangi alikuwa amerudi kwenye benchi lake na kidumu, uji mpya, bado wa moto. Odoyo alimwendea. Alikipokea kidumu kwa mikono miwili, akamimina kikombe kimoja, akakinywa chote mbele yake amesimama. Kisha akaenda kufungua mlango wa mahabusu.

Joram alitoka akipepesa macho kwa sababu ya jua. Aliona mstari, watu waliobaki uani, na bunduki juu ya shuka jeupe. Hakuuliza kama yuko huru.

“Mmeifuta?” alimwuliza Kornelio.

“Hatujaifuta.”

“Mwezi ukiandama mara ya pili, nitaipaka mafuta mwenyewe.”

“Utaipaka,” Bibi Nyangi alisema. Alikuwa amekwisha kumimina kikombe cha pili na kukishika kwa mkono wenye kidole kifupi. “Kunywa kwanza, mwanangu.”